Nilisugua Miiba ya Shaba kwa Majivu na Limau

Kosa ni langu. Nasema mapema, msije mkapoteza muda kumtafuta mwingine humu. Hakuna shetani, hakuna uchawi, hakuna jirani mwenye kijicho. Ni mimi, na mikono yangu miwili, na limau moja na nusu.

Mimi ni bibi wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Jina sitoi. Chuo cha Kurani nilimaliza. Shule ile nyingine nilikaa miaka mitatu, mpaka baba aliposema mtoto wa kike akishajua kuandika jina lake inatosha. Haya nayaandika mwenyewe, kwa mkono wangu, polepole. Mkiona herufi zimelala, nivumilieni. Na mimi nachoka.

Mtaani najulikana kwa kitu kimoja: shaba. Marehemu mume wangu aliniachia masinia kumi na manne na mabirika sita ya mama yake. Arusi yoyote ya maana inapita kwangu kwanza. Na dawa yangu ya kung'arisha hakuna anayeiweza. Majivu ya maganda ya ndizi, yaliyochekechwa kwa kilemba. Limau. Mchanga mwembamba wa ziwa, ule unaoletwa na maji baada ya mvua. Na kipande cha kandambili kuukuu cha kusugulia, maana kitambaa hakina nguvu. Unazungusha kwenda kulia, unazungusha tena, mpaka uone meno yako ndani ya sinia.

Jambo la pili ninalojulikana nalo ni ukali. Sikatai. Nimelea watoto saba na wajukuu sijui wangapi, na uongo nyumbani kwangu haukupata pa kukaa. Sikuwa napiga sana. Nilikuwa na njia yangu. Mtoto akivunja kikombe akaficha, sikuuliza nani. Nilichukua vile vipande nikaviweka juu ya sinia, sinia nikaliweka katikati ya mkeka, chakula kikaja, na hakuna aliyenyoosha mkono mpaka mwenye kosa aseme. Tulikaa. Wali ulipoa. Mara nyingine uliganda. Mtoto alisema!

Nilijisifu kwa hilo miaka arobaini. Shikeni maneno hayo, mtayahitaji mbele.

Mjukuu wangu nitamwita Zaina. Si jina lake. Nilimlea tangu alipokuwa na miaka minne, mama yake alipofariki. Alisugua masinia nami mpaka vidole vikawa vyeusi. Kisha Mungu akamfungulia kichwa, akasoma hapa chuo kikuu, akaenda Ufaransa kusoma zaidi. Mwaka wa tatu huo. Aliniahidi akimaliza anarudi kabisa, si kutembea. Mwalimu wake wa zamani, bwana mmoja anayekaa Kinanira, alikuwa amemwekea nafasi ya kufundisha. Mimi chumba nilishakipaka chokaa.

Sasa, Zaina anasomea nini? Watu wakiniuliza nilikuwa nasema, "Anapiga picha." Wakidhani za arusi, niliwaacha.

Mwaka huu alipita nyumbani sikukuu ya Idi, siku kumi, kabla ya kwenda Afrika ya Kusini kwa kazi yake. Siku ya pili tulikaa uani tunachambua maharage, nikamwuliza niambie kweli, picha za nini.

"Za shaba, Bibi."

"Shaba? Shaba si iko hapa nyumbani? Umeenda Ulaya kutafuta shaba?"

Akacheka. Akaniambia, na mimi nawaambia kama nilivyoelewa. Kule labo, chumba chao cha majaribio, wana masanduku makubwa yanayokusanya umeme kidogo kidogo, kama pipa linavyokusanya maji ya mvua. Pipa likijaa, wanalifungua lote kwa mara moja. Umeme ule wote unasukuma bamba, bamba linakwenda kugonga kipande cha shaba. Linagonga kwa nguvu ambayo mafundi wote wa Buyenzi na nyundo zao zote hawaifikii.

"Na we unasimama wapi?"

"Mbali, Bibi. Nyuma ya ukuta mnene. Hakuna mutu mule ndani."

"Basi nani anapiga picha?"

"Masini. Kwa eksirei, ile ile ya kuangalia mifupa. Macho yangeona mwanga na moshi tu. Eksirei inapita, inaona ndani. Chukua kufumba jicho, gawa vipande laki moja. Ndani ya kipande kimoja, mi napiga picha nane."

Nilifumba jicho. Nikafumbua. Nikasema, "Uongo."

"Wallahi, Bibi."

Kisha akanieleza kitu kilichonipendeza. Kabla ya kupiga, anachora kwenye uso wa shaba mistari midogo, kama matuta na mifereji ya mashamba ya Kanyosha. Shaba ikigongwa, mambo yanageuka: penye mfereji panatoka mwiba. Miiba inakua. Kama shaba imekuwa laini kama maji, miiba inaruka inakwenda zake. Kama bado ina nguvu, miiba inakua kidogo halafu inasimama. Inagoma. Urefu wa mwiba ndio unaomwambia shaba ilikuwa na ubishi kiasi gani wakati ule wa kugongwa.

"Kumbe unapima ubishi," nikasema.

"Ndiyo, Bibi. Nimezoea, nilikulia kwako."

Mtoto hana adabu! Nikamtupia harage.

Akaenda chumbani akaleta kartoni ndogo. Ndani mna sifongo, na ndani ya sifongo vipande sita vya shaba, kila kimoja kama kifuniko cha chupa. Vimegongwa kule, vikadakwa kwa kitu laini visiumie mara ya pili. Vyeusi! Vina ukungu, vina madoa, kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Upande mmoja ukipitisha kidole, kama ulimi wa paka.

"Hii ndiyo miiba yenyewe," akasema. "Picha zinasema miiba ilisimama urefu fulani. Hivi vipande ndiyo mashahidi. Nimeviangalia haraka tu, sijapima. Mwalimu anakuja Jumatatu na hadubini yake, tutaviangalia pamoja, halafu nakwenda kupima vizuri kule Kusini. Vikikubaliana na picha, kazi yangu imesimama. Bibi, silvuple, nakuomba. Apana gusa."

"Nitagusa ya nini? Vichafu hivyo!"

Ndivyo nilivyosema. Mungu alisikia.

Sasa nije kwenye ujinga wangu.

Jumamosi yake palikuwa na arusi mtaa wa pili, masinia yangu yalikwenda. Jirani yangu mmoja, nimwite Mama Shabani, alinivuta pembeni, mkono mdomoni kama mwenye huruma. "Bibi, si vibaya, lakini masinia yana ukungu. Au macho yameanza kuchoka?"

Macho! Mimi! Sikulala vizuri siku mbili. Na Jumatatu asubuhi Zaina akaenda Kanyosha kumsalimia shangazi yake, akasema atarudi saa nane, mwalimu anakuja saa tisa.

Nikatandika. Nikafagia. Nikakaanga sambusa. Nikang'arisha birika la kahawa na sinia moja kwa ajili ya mgeni. Nikasimama katikati ya sebule nikatazama, kila kitu kinameta. Halafu nikakumbuka ile kartoni.

Nikafikiri hivi. Huyu bwana ni mtu wa Kinanira, wa nyumba za juu kule. Anakuja Buyenzi, nyumbani kwangu, nyumba ya shaba. Anakaa, anakunywa kahawa kwenye birika linalong'aa. Halafu mjukuu wangu anafungua boksi anamwonyesha shaba nyeusi kama masizi. Atasema nini? Atasema bibi huyu sifa zake ni za bure. Na Mama Shabani akipata habari je?

Nikasema, na mtoto mwenyewe atafurahi. Hana muda, masikini. Amefanya kazi kubwa ya kugonga, kuosha hakupata nafasi.

Apana gusa? Nilisema moyoni, hilo ni la watu wasiojua shaba. Mimi naijua shaba kabla mama yake hajazaliwa!

Nikaketi kwenye kigoda changu. Majivu, limau, mchanga, kandambili. Kipande cha kwanza kilinisumbua, uso ulikuwa unakwaruza. Nikakaza. Nikazungusha kwenda kulia, nikaongeza mchanga, nikakaza tena. Ule ulimi wa paka ukalainika, ukalainika, mpaka ukawa shavu la mtoto. Nikakisuuza. Kikameta! Nikajiona usoni mwake, mdogo, nacheka.

Nikafanya cha pili. Nikafanya cha tatu. Nakwambia niliimba.

Cha tano kilipokwisha, limau la pili nilikuwa nimeshakamulia nusu kwenye samaki, na ile nusu nyingine nikawa nimeimaliza. Cha sita nikakirudisha kilivyo. Nikakiweka chini kabisa, pembeni, kisionekane. Nilikionea aibu.

Zaina akarudi amechelewa, hakufungua boksi, mwalimu akaingia nyuma yake. Bwana mpole, miwani, suti ya zamani iliyopigwa pasi vizuri. Akasifu sambusa. Akasifu birika. Mimi nikajifanya nakwenda jikoni, lakini nilisimama nyuma ya pazia. Nilikuwa nangoja sifa! Sikieni vizuri. Mwanamke mzima, nyuma ya pazia, anangoja kusifiwa.

Nikasikia kartoni inafunguliwa.

Sifongo likatolewa.

Mwalimu akasema, "Eh! Nzuri sana. Safi kabisa. Zinang'aa kama hazijawahi kupigwa."

Sifa niliyoingoja ndiyo hiyo. Niliipata yote, haikupungua hata neno.

Nikachungulia. Zaina amekaa, kipande kiko mkononi, midomo imekuwa ya majivu. Hakulia. Alikigeuza. Akakigeuza tena. Akachukua kingine. Mwalimu akaweka hadubini yake mezani, akaunganisha na kompyuta, wakaangalia kimoja kimoja. Wakafikia kile cha sita, wakaangalia muda mrefu.

"Hapa miiba ipo," mwalimu akasema. "Lakini kwenye hivi vitano hakuna kitu, mwanangu. Pamelala. Na picha zako zinasema miiba iko kwenye vyote sita."

"Nilivigusa, mwalimu. Nilipovitoa kule vilikuwa vinakwaruza."

"Kidole si kipimo. Jicho nalo linaona linachotaka kuona. Mashahidi watano wanasema hapana, mmoja anasema ndiyo. Utamsikiliza nani?"

Zaina akaita. "Bibi!"

Nikatoka, natingisha mikono kama mtu anayetoka kuosha vyombo.

"Bibi, kuna mutu aliingia chumba changu?"

Ilikuwa saa ya kusema. Neno moja tu, "Mimi," na leo nisingekuwa nawaandikia. Lakini niliona uso wake. Niliona mgeni ananitazama, sambusa iko mkononi. Niliona birika linameta. Nikasema:

"Apana."

Neno dogo kuliko punje ya mtama. Nimelibeba mpaka mgongo umeuma.

Mwalimu alipoondoka alimwambia Zaina mlangoni, kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma. "Waandikie wakubwa zako kabla hujasafiri. Usiwafiche. Kama picha hazikubaliani na vipande, basi kuna kasoro kwenye picha, na ni heri useme we mwenyewe kuliko wakugundue."

Sikuwa na shule, lakini hilo nilielewa. Picha za mtoto, picha za kweli, alizozipiga kwa akili yake ndani ya kipande cha kufumba jicho, zitaitwa za uongo. Kwa sababu ya kandambili yangu.

Na nikanyamaza! Mimi!

Nikafanya zaidi ya kunyamaza. Jumanne asubuhi nikamwambia, "Labda ni wale wa uwanja wa ndege, wanafungua mizigo ya watu." Akaitikia, "Labda, Bibi." Mchana nikasema, "Labda ni hewa ya ziwa, inakula vyuma." Akaitikia, "Labda, Bibi." Jioni nikavuka mpaka kabisa. Nikasema, "Na hiyo masini nayo, nani kasema haidanganyi? Masini ni kama mutu, inachoka."

Hapo hakuitikia. Alinitazama tu. Mtazamo ule niliujua, lakini sikukumbuka nimeuona wapi.

Jumatano alikuja na kompyuta yake akakaa karibu nami mkekani. "Bibi, hujawahi kuona picha zangu. Njoo."

Nilitaka kukataa. Nilisingizia miguu. Akaileta kompyuta mpaka magotini pangu.

Picha nane, za kijivu, kama zile za kifua hospitalini. Ya kwanza, mstari mweusi umelala sawa. Ya pili, mstari umeanza kuota meno. Ya tatu, meno yamerefuka. Ya nne, ya tano, chanuo kabisa, chanuo la kuchania nywele, meno yake yamesimama sawasawa kama askari. Ya sita, marefu zaidi kidogo. Ya saba na ya nane, sawa na ya sita.

"Unaona, Bibi? Hapa imesimama. Hapa shaba ilisema basi, sisogei tena."

Nikaona. Wallahi niliona. Nilichukua miaka sitini na kitu kusugua shaba na sikujua kwamba ndani yake mna kitu cha kugoma. Na nikajua kile kilichokuwa kinanikwaruza kidole Jumatatu ni nini. Kiligongwa na umeme wa pipa zima kikagoma, kikasimama. Halafu kikakutana na mimi.

"Nzuri," nikasema.

"Kesho nitaandika ile barua, Bibi. Naandika picha zangu zina kasoro."

Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Mungu atakusaidia." Astaghfirullah!

Alhamisi mchana nilipika wali na maharage na dagaa wa ziwa. Tuko wawili tu. Nikatoka jikoni na sahani, nikakuta mkeka umetandikwa. Katikati ya mkeka kuna sinia langu kubwa. Juu ya sinia kuna vipande vitano vya shaba, vimepangwa duara, vinameta.

Zaina ameketi upande wa pili, mikono magotini. Haulizi. Hasemi bismillahi.

Nikaweka chakula. Nikaketi.

Tukakaa.

Hapo ndipo nilipokumbuka ule mtazamo nimeuona wapi. Ulikuwa wangu.

Wali ukatoa mvuke. Mvuke ukapungua. Nje mafundi wanagonga bodi la gari, ko, ko, ko. Nikasema moyoni, mimi ni mkubwa, yeye atachoka kwanza. Hakuchoka! Nilimfundisha vizuri mno. Maharage yakaanza kufanya ngozi juu. Inzi akaja, akatua kwenye kipande cha tatu, akateleza, akaruka. Hata inzi alikataa kunisaidia.

Nikasema, "Ni mimi."

Zaina akafumba macho. Nilidhani atapiga kelele. Nilitamani apige kelele! Akainuka, akaleta daftari na kalamu.

"Ulianza na kipi?"

"Eh?"

"Vipande viko na namba nyuma, Bibi. Kipi cha kwanza?"

Nikamwambia. Akaandika. "Majivu ya nini? Mchanga ulitoka wapi? Kila kimoja ulisugua muda gani?" Nikajibu yote kama mtuhumiwa mbele ya kadhi. "Ulikaza mkono au pole?"

"Nilikaza. Kilikuwa kinakwaruza, nilidhani uchafu."

"Na cha sita kwa nini uliacha?"

"Limau liliisha."

Kalamu ikasimama. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka na kulia, vyote pamoja, machozi yanadondokea daftari. "Limau liliisha! Subhanallah. Bibi, kazi yangu ya miaka mitatu imeokolewa na limau!"

Aliponyamaza nikamwuliza alijuaje. Akafungua kompyuta akanionyesha uso wa kipande cha kwanza chini ya hadubini, umekuzwa, mkubwa kama uwanja. Mikwaruzo midogo midogo, duara ndani ya duara, yote inakwenda kulia.

"Huu mkono naujua, Bibi. Mkono huu ulishika wangu nikiwa na miaka sita. Nilijua tangu Jumatatu, mgeni bado anakunywa kahawa."

"Ulijua!" Hasira ikanipanda, mjue nilivyo. "Ulijua, ukaniacha siku tatu nadanganya kama mwizi wa kuku? Kwa nini hukuniambia?"

"We ndo ulinifunza. Mutu hatuulizi. Tunamungoja."

Nikavuta sahani ya wali. Wali umeganda.

Kisha akaniambia jambo lililonifungua macho. Akasema, "Bibi, kujua hakunisaidii. Mi siwezi kuandika 'nadhani bibi yangu.' Nikiandika ninachokisia ili picha zangu zionekane za kweli, hiyo ndiyo kuiba. Lazima aseme aliyefanya. Ungenyamaza mpaka Jumamosi, ningepanda ndege na ile barua ingekwenda vile vile. Picha zina kasoro. Ningeweka sahihi."

"Ungeweka? Na unajua si kweli?"

"Ningeweka. Nisingekuwa na shahidi."

Basi hiyo ndiyo hali niliyomweka mtoto. Siku tatu alikaa hapo, anakula chakula changu, anangoja kuona bibi yake atamwacha azame au la. Na mimi nilimletea habari za hewa ya ziwa!

Jioni ile ile alimpigia simu mwalimu wa Kinanira. Akaniwekea simu sikioni, nikasema mwenyewe. "Mwalimu, vile vipande ni mimi nilivisugua. Picha za mtoto ni nzima." Bwana yule akasema, "Mama, pole sana." Kisha akaongeza, "Lakini kusugua unajua."

Mtaniuliza, basi si imekwisha vizuri? Haikwisha vizuri. Kipande kimoja kilikubaliana na picha, alikwenda nacho Kusini, wakapima, kikakubali kabisa. Lakini kimoja ni kimoja. Hata kwa kadhi shahidi mmoja hatoshi. Vile vitano haviwezi kusema tena. Lazima apige upya, na masini ile haipigwi kila siku, watu wanangoja zamu kama kisimani wakati wa kiangazi, na zamu yake imekwenda mwisho wa mstari. Aliyekuwa arudi mwakani, sasa ni baada ya miaka miwili, labda zaidi. Nafasi ya kufundisha amepewa mwingine. Chumba kimepakwa chokaa, kinanuka upya, hakuna anayelala.

Yeye ana umri wa kungoja. Mimi sina. Nilijisugulia mwenyewe miaka miwili ya kukaa na mjukuu wangu, na limau nikakamua kwa hiari.

Siku ya kuondoka alichukua kile cha sita, cheusi, kichafu, nilichokificha kwa aibu. Akakibusu. Akakifunga ndani ya leso. Vile vitano vinavyometa akaviacha mezani. "Kaa navyo, Bibi."

Ninavyo. Mama Shabani alikuja akaviona. "Loo! Bibi! Hii ndiyo shaba sasa! Umefanyaje?" Nilimfukuza.

Juzi Zaina alinipigia akanisomea ukurasa wa kazi yake, akaugeuza kutoka Kifaransa. Imeandikwa kwamba vipande vitano vimeondolewa kwenye hesabu kwa sababu uso wake ulisuguliwa baadaye na mtu wa tatu, asiye wa kazi ile, kwa majivu ya maganda ya ndizi, limau na mchanga wa ziwa.

"Umesahau kandambili," nikamwambia.

Akaongeza. Sasa na kandambili imo.

Basi nyinyi bibi wenzangu, na mama wenye nyumba safi, na wote mnaojua kazi za watu kuliko wenyewe: mtoto akikwambia usiguse, usiguse! Usiseme "nilitaka kusaidia." Na mimi nilitaka kusaidia. Kama kitu hukijui, kiache cheusi. Na kama umeshagusa, sema siku ile ile, wali ukiwa wa moto. Na wewe uliyefundisha watoto kusema kweli, jichunge zaidi. Wamekusikia. Iko siku watakuwekea sinia.

Jina langu msiliandike. Kule Ufaransa hawakuliandika. Wekeni kama walivyoweka wao: mtu wa tatu.